Mwanga wa kutibu macho makavu

Anayeugua macho makavu hushinda kutwa kama aliyeingiwa na mchanga. Mara nyingi machozi yapo. Kilichopungua ni mafuta ya kuyazuia yasikauke upesi, kwa kuwa tezi za ukingoni mwa kope zimeziba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Memphis, Marekani, daktari Rolando Toyos aliona kwamba wagonjwa waliomulikwa usoni kwa mwanga mkali ili kutibiwa wekundu wa ngozi walipata nafuu ya macho pia. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaidhinisha kifaa cha mwanga huo kwa macho makavu. Mgonjwa hukingwa macho, kisha humulikwa mashavuni kwa mimweko mikali, kwa kawaida mara 4, wiki kadhaa zikipita katikati.

Lakini rangi ya ngozi huufyonza mwanga huo. Ngozi nyeusi inaweza kuungua au kubaki na mabaka, na idhini ile haikuihusisha ngozi nyeusi sana. Hilo kwangu ni pengo kubwa. Ukiambiwa kliniki fulani ina mashine hiyo, uliza kwanza kama inafaa ngozi yako. Wakati huohuo, kope hukandwa nyumbani kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nayo mafuta hulainika.