Nani Anatia Saini? Muziki wa Filamu na Televisheni, na Karatasi Tunayoikwepa

Mada kwa semina ya watayarishaji wa filamu, wanamuziki na walimu wa kwaya, Kawetele, Tukuyu

Nimeombwa nieleze misingi ya kutunga na kusimamia muziki wa filamu na televisheni. Nitaieleza kwa haraka kwa kuwa wengi mnaijua, ili muda ubaki kwa jambo ambalo nimelisemea miaka mingi na bado liko palepale. Ninayoyasema ni maoni yangu, si msimamo wa ofisi yoyote.

Misingi

Muziki wa filamu ni wa namna mbili. Kuna ule ambao wahusika wenyewe wanausikia, kama redio ya dukani, kwaya kanisani au ngoma msibani, na kuna ule anaousikia mtazamaji peke yake. Katika Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950, nafasi ya mhusika Mwajuma alipewa Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa wa taarab. Hapo uamuzi wa muziki ulifanyika wakati wa kuchagua waigizaji, kamera ikiwa bado haijawashwa.

Mtunzi anatunga. Msimamizi wa muziki anachagua nyimbo, anatafuta idhini, anajadili bei na kutunza kumbukumbu. Wote wawili hukaa na mwongozaji wakatazama picha, wakakubaliana muziki uingie sekunde gani na utoke sekunde gani. Kwa picha 25 kwa sekunde na mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo linachukua picha 12 na nusu. Mhariri akikata sekunde mbili bila kumwarifu mtunzi, ngoma italia mlango ukiwa umeshafungwa. Chini ya mazungumzo, msiweke wimbo wenye maneno, kwa sababu mtazamaji hawezi kufuata maneno mawili kwa wakati mmoja.

Hayo yanatosha.

Tatizo lenyewe

Hela ya filamu zetu huishia kwenye mafuta ya gari, chakula cha waigizaji na kukodi kamera. Usiku wa mwisho mhariri anaambiwa, "Weka muziki." Anaingia intaneti, anapakua chochote kinachosikika cha huzuni, anakiweka kwenye folda na kukipa jina "Huzuni 4". Jina la mtunzi limepotea hapohapo, na halitapatikana tena.

Niliwahi kuletewa filamu iliyopigwa katika wilaya hii ya Rungwe, yenye onyesho la maziko. Migomba iko nyuma, akina mama wamejifunga vitenge viunoni, wanaume watatu wanapiga ngoma. Unaiona mikono yao ikipanda na kushuka, lakini masikioni inakuja piano ya polepole kutoka nchi ambayo hakuna aliyeweza kunitajia. Sauti za ngoma zilikuwa zimezimwa. Godfrey na Monica Wilson, walioishi na kufanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu jinsi maziko ya huku yalivyokuwa na ngoma, na vijana wakicheza na mikuki. Huzuni ya Rungwe ina mlio wake. Aliyeizima ngoma ile aliwanyima watazamaji kitu ambacho hawatakipata katika filamu ya mahali pengine popote.

Hasara haikuishia hapo. Filamu ilipopelekwa kwenye kituo kimoja cha televisheni, ikaombwa orodha ya muziki uliotumika pamoja na idhini zake. Haikuwepo. Ilipowekwa YouTube, mwenye piano alijitokeza na mapato yakaelekezwa kwake. Siwezi kumlaumu, kwa kuwa kazi ilikuwa yake.

Sasa tuje kwenye kwaya, maana hapa ndipo ninaposhindwa kulala. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, uimbaji wa kwaya ukaota mizizi, na leo hakuna mtayarishaji anayekuja huku asitamani sauti ya kwaya. Anaomba kwaya iimbe, inaimba, anarekodi, anatoa soda na nauli, anaondoka. Nani alitia saini? Mwalimu aliyetunga wimbo? Mwenyekiti wa kwaya? Usharika? Studio iliyorekodi kanda ya kwanza? Nimeona barua ya idhini iliyosainiwa na mtu ambaye hakutunga, hakuimba wala hakurekodi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatenganisha mambo haya vizuri kuliko tunavyoyatenganisha sisi. Aliyetunga ana haki yake, na inaendelea miaka 50 baada ya kufariki. Walioimba wana haki yao, na aliyetengeneza rekodi ana ya kwake. Kwa hiyo tenzi la zamani la Kijerumani linaweza kuwa halina mwenyewe tena kisheria, lakini rekodi ya kwaya iliyoliimba mwaka jana ina wenyewe, na mwalimu aliyelipanga upya kwa sauti nne ana dai lake. Sheria hiyohiyo inagusa pia sanaa za jadi, hivyo ing'oma, ngoma yetu ya jadi, nayo si mali ya kila apitaye na kamera.

Wanaosema haya ni mambo madogo wamkumbuke Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi "Mbube" mwaka 1939, haki zake zikatoka mikononi mwake kwa shilingi kumi, akafariki maskini mwaka 1962. Wimbo uliotokana na ule wake ukasikika katika The Lion King mwaka 1994. Mabinti zake walifikia makubaliano mwaka 2006, tena baada ya kwenda mahakamani. Karatasi iliyosainiwa vibaya iliwasumbua watoto ambao hawakuwepo iliposainiwa.

Mapendekezo

Kwanza, kila filamu iwe na orodha ya muziki, ikianza kuandikwa siku skripti inaposomwa. Ioneshe jina la wimbo, mtunzi, waimbaji, mwenye rekodi, muda unapoingia na kutoka, kama uko mbele au chini ya mazungumzo, na idhini imetolewa na nani, lini.

Pili, msimamizi wa muziki ateuliwe mapema. Filamu ndogo haihitaji kuajiri mtu mpya. Meneja wa uzalishaji aweza kuifanya kazi hiyo, ilmradi iandikwe kwamba ni yake.

Tatu, hela ya muziki itengwe kabla ya hela ya mafuta. Nimelisema hili katika semina nyingi na nitaendelea kulisema.

Nne, kila kwaya iamue kwa kikao, kwa muhtasari ulioandikwa, nani anasaini kwa niaba yake na malipo yanagawanywaje. Mwalimu aliyetunga asainie utunzi wake mwenyewe. Wachungaji, tunawaomba msaada wenu hapa, kwa sababu bila ninyi vikao hivi havitafanyika.

Tano, watunzi wa huku wasajili kazi zao COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Maafisa utamaduni wawasaidie walio mbali na mji kujaza fomu.

Sita, kwa heshima zote, naiomba Bodi ya Filamu ilitazame suala la orodha ya muziki inapokagua kazi. Najua ina majukumu mengi. Hata hivyo miaka inapita, na mtayarishaji hataiandika orodha hiyo asipoulizwa.

Saba, ngoma ikipigwa mbele ya kamera irekodiwe sauti yake, na majina ya wapigaji yaandikwe siku hiyohiyo. Wanaorekodi kwaya chini ya bati mwezi Aprili watenge siku ya akiba, maana mvua ya Tukuyu haisubiri wimbo uishe, na kelele yake haifutiki kwenye kompyuta.

Nane, vituo vya televisheni viendelee kudai idhini, na vidai kwa wote: mtayarishaji mdogo wa Tukuyu na mkubwa wa Dar es Salaam.

Tisa, na hili linarudia la kwanza kwa makusudi: orodha, orodha, orodha.

Baada ya chai tutajaza fomu moja ya orodha ya muziki kwa onyesho la msiba la dakika nne. Walimu wa kwaya wakae pamoja na wahariri, meza moja moja, na kila meza itueleze imemwandika nani kwenye nafasi ya saini, na kwa nini.