Maridhiano Darasani: Mfano wa Kanada

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa miito 94. Watoto wa wenyeji asilia wasiopungua 150,000 walipitia shule za bweni, na wengi wao walikatazwa humo kusema lugha zao. Mwito wa 62 unataka vyuo vigharimiwe ili walimu wajue kuyaingiza maarifa ya wenyeji darasani.

Wayaingizeje? Kiambishi -an- katika neno “maridhiano” chadai pande mbili. Waanishinaabe huzisimulia baadhi ya hadithi zao majira ya baridi pekee. Mwalimu azisomaye mwezi Juni, bila kuwauliza wazee, ameongeza somo lakini hajaridhiana na mtu. Basi mafunzo ya ualimu yaanze na adabu ya kuomba ruhusa; kitabu kifuate.