Muuzaji wa Mtandaoni na VAT: Hesabu Huanzia kwa Bei Aliyolipa Mteja

Maelezo haya yalitolewa mbele ya wafanyabiashara wanaouza bidhaa mtandaoni, katika kikao cha mafunzo cha idara ya biashara ya kaunti.



Kwanza kuna mkanganyiko unaofaa kuondolewa, kwa sababu hujitokeza kila msimu wa leseni. VAT haitozwi na kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeiachia serikali ya kitaifa ushuru wa mapato, VAT na ushuru wa forodha. Kaunti hutoza ushuru wa ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ada za huduma inazotoa. Aliyelipia leseni ya biashara hajalipa VAT, na anayelipa VAT kwa KRA bado anahitaji leseni.

Sasa twende kwenye VAT yenyewe. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Anayetakiwa kujisajili ni yule ambaye mauzo yake ya bidhaa zinazotozwa VAT yamefika, au anatarajia yafike, shilingi milioni 5 katika kipindi chochote cha miezi 12. Akishafika hapo, ana siku 30 za kujisajili. Sheria haisemi Januari hadi Desemba. Inasema miezi 12 yoyote, na hapo ndipo wengi huteleza.

Wengine huteleza kwa sababu ya simu. Chukueni mfano wa mama anayeuza viatu vya ngozi kupitia soko la mtandaoni. Wateja wake hulipa jumla ya shilingi 450,000 kwa mwezi. Tuseme soko hilo hukata asilimia 10 ya kamisheni, na kumtumia 405,000. Yeye huhesabu kilichoingia: 405,000 mara 12 ni 4,860,000. Anajiona yuko chini ya milioni 5, na analala usingizi. Lakini mauzo ni kile alicholipa mteja. 450,000 mara 12 ni 5,400,000. Kamisheni ni gharama yake ya biashara, haipunguzi mauzo.

KRA ikigundua baadaye, inaweza kudai VAT tangu mwezi aliopaswa kuanza kutoza. Kwa mauzo hayo, deni haliwezi kuwa chini ya shilingi 62,000 kwa kila mwezi, ikiwa hana ankara za manunuzi za kulipunguza, na hapo adhabu na riba hazijaongezwa. Mteja aliyekwisha kuvaa viatu hatarudi kuongeza asilimia 16. Deni hilo litatoka kwenye mtaji wa mama huyo.

Kuna pia dhana kwamba soko la mtandaoni "limeshakata ushuru." VAT inayoonekana kwenye taarifa ya malipo kwa kawaida ni ile ya kamisheni, yaani huduma ambayo soko limemuuzia mfanyabiashara. VAT ya viatu ni jukumu la mwenye viatu.

Baada ya kujisajili, hesabu ya kila jozi huwa hivi. Bei ni shilingi 2,320, VAT ikiwa ndani. Ukigawa kwa 116 na kuzidisha kwa 16, VAT ni 320. Vifaa alinunua kwa 1,160 kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa, na ndani yake mna VAT ya 160. Kamisheni ni 232, nayo ina VAT ya 32. Akiwa na ankara halali za eTIMS zenye PIN yake, anatoa 160 na 32, kisha analipa 128. Asipokuwa nazo, analipa 320 nzima. Tofauti ni shilingi 192 kwa jozi. Kwa jozi kama 194 za mwezi huo wa 450,000, ni zaidi ya shilingi 37,000 zilizopotea kwa kukosa karatasi. Jina "ongezeko la thamani" huwafanya watu wafikiri inatozwa kwa faida. Hata aliyeuza kwa hasara anadaiwa.

Wauzaji wa mtandaoni hurudishiwa bidhaa mara nyingi kuliko wa dukani. Ukimrudishia mteja pesa, rekebisha ankara ile kwenye eTIMS pia, la sivyo mauzo yatabaki kwenye hesabu yako.

Si kila bidhaa inahesabiwa. Mazao ya shamba yasiyosindikwa yamesamehewa VAT, kwa hivyo anayeuza maembe mabichi haongezi chochote kwenye ile milioni 5. Akiyakamua akauza juisi, hesabu inaanza. Bidhaa zinazouzwa nje ya nchi hutozwa asilimia sufuri, lakini zinahesabiwa kwenye milioni 5, na stakabadhi za usafirishaji lazima zihifadhiwe.

Wanaolipa TOT ya asilimia 3, yaani wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25, wasidhani wamemaliza. Hiyo ni ushuru wa mapato. Mauzo yakifika milioni 5, VAT inaongezeka juu yake.

VAT hutangazwa na kulipwa kupitia iTax kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hakukuwa na mauzo. Kuchelewa kuwasilisha kuna adhabu ya shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Ambaye hajasajiliwa hana ruhusa ya kumtoza mteja VAT, lakini anaweza kutoa ankara ya eTIMS kwa simu ya kawaida kupitia *222#.

Leo jioni, kila mmoja aingie kwenye akaunti yake ya soko la mtandaoni, achukue taarifa ya miezi 12 iliyopita, na ajumlishe safu ya bei kabla ya makato. Aliye karibu na milioni 5 aende na taarifa hiyo kwenye ofisi ya KRA au dawati lake katika Huduma Centre, kabla mauzo ya Desemba hayajaanza.