MALI BILA DAFTARI

Hotuba ya Mweka Hazina mbele ya mkutano wa ukoo, Auburn, Sydney



Hesabu za dola mmekwisha kuzisoma katika karatasi mlizogawiwa. Mimi nitasema juu ya fungu moja tu, lile la sarafu iitwayo bitcoin, kwa kuwa ndilo lililozua maswali mengi, na kwa kuwa ndani yake mna deni langu ninalotaka kulilipa mbele yenu.

Kwa wasioijua, sarafu hii haina noti wala benki kuu. Ilielezwa mwaka 2008 katika waraka uliotiwa jina la Satoshi Nakamoto, ikaanza kutumika Januari 2009. Idadi yake imewekewa mpaka wa milioni 21, na kila moja hugawanyika vipande milioni 100. Mwaka 2021 mwana wa ndugu yangu aliyeko Muscat alitoa 0.05 ya sarafu hiyo iwe sadaka kwa karo za mayatima wetu walioko Pemba. Tuliipokea kwa furaha, na kazi ya kuiandika ikaniangukia mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiandika kwa dola. Novemba 2021 bitcoin moja ilipita dola 68,000 za Marekani; kwa bei hiyo sadaka ile ilikuwa na thamani ya dola 3,400. Mwaka mmoja baadaye bei ilishuka chini ya dola 16,000, na thamani ikawa haifiki hata dola 800. Daftari langu likawa linasema uongo ingawa hakuna aliyeiba hata senti. Ndipo nilipowakumbuka wazee wetu wa karafuu. Mkulima hahesabu ghala lake kwa shilingi. Huhesabu kwa uzito, na bei huiuliza siku ya kuuza. Basi nikafuta, nikaanza upya: kiasi mahali pake, bei ya siku mahali pake, na thamani ni zao la hivyo viwili.

Programu tunayotumia ni GnuCash, ambayo hutolewa bure. Hufuata utaratibu wa maingizo mawili, ule ule ambao Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494: kinachotoka hapa lazima kionekane kimeingia pale. Bitcoin haimo katika orodha yake ya fedha za mataifa, kwa hiyo huna budi kuiandikisha kama hisa, na kuipa tarakimu nane baada ya nukta. Ukiiachia tarakimu mbili kama dola na senti, 0.00412500 itasomeka sifuri, na mali ya watu itatoweka kwa uvivu wa mwandishi.

Sasa nifike kwenye deni langu. Mwaka jana, karo zilipotakiwa, niliuza 0.005 hapa Sydney ili nipeleke dola nyumbani kwa njia ya kawaida. Hatukupeleka sarafu yenyewe, kwani Benki Kuu ya Tanzania ilikwisha kutangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini humo. Usiku ule nilitazama anwani yetu ili nilinganishe salio na daftari. Nilitarajia 0.045 kasoro ada ya mtandao. Nikaona sifuri.

Ndugu zangu, sikulala. Aliyetutengenezea pochi ile ni yule yule kijana wa Muscat, na maneno ya siri ya kuifungua aliwahi kuyaona. Shetani akaniambia: nani mwingine? Saa nane za usiku hapa, huko kwao ikiwa saa mbili za usiku, nilimpigia simu. Sikumwita mwizi, lakini sauti yangu ilimwita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Ami, umetazama pochi nzima, au anwani moja?"

Nilikuwa nimetazama anwani moja. Akanieleza kwamba sarafu hii hutumika kama noti. Ukinunua kitu cha dola tano kwa noti ya hamsini, huikati noti. Unaitoa nzima, nawe unarudishiwa chenji. Hapa vilevile 0.05 yote ilitoka, 0.005 ikaenda kwa mnunuzi, na chenji ikarudi kwetu katika anwani mpya ya pochi ile ile. Fedha zilikuwa mfuko wa pili wa kanzu, nami nilikuwa nikipapasa mfuko wa kwanza. Nilipofungua pochi nzima, salio lilikuwa kamili, limepungua ada tu, nayo nikaiandika katika matumizi.

Mwanangu, leo umo humu ukumbini. Nilikudhania ubaya nawe umetenda wema. Nakuomba radhi mbele ya ukoo wote, kama nilivyokudhania gizani.

Bwana Mwenyekiti, kutokana na hayo naomba mkutano upitishe mambo manne. Kwanza, kila mwezi salio la pochi nzima lilinganishwe na daftari na watu wawili. Pili, anayesaidia kutazama salio apewe ufunguo wa kutazamia tu. Maneno ya siri asipewe, wala yasiandikwe ndani ya kompyuta yoyote. Tatu, maneno hayo yahifadhiwe kwa maandishi mahali pawili, na wazee wawili wajue yalipo, kwa maana mauti hayapigi hodi, na pochi hii haina meneja wa kumlilia. Nne, kila tukiuza au kubadilisha tuandike siku, kiasi, thamani kwa dola za Australia na sababu, na tutunze kumbukumbu hizo miaka mitano. Idara ya kodi ya nchi hii huihesabu sarafu hii kuwa mali yenye kutozwa kodi ya faida iuzwapo, hata ikibadilishwa kwa sarafu nyingine au kutolewa zawadi, na mwaka wa hesabu hufungwa tarehe 30 Juni.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimejifunza kuwa daftari lisilosomwa vizuri laweza kupoteza kilicho bora kuliko mali, nacho ni kuaminiana. Fedha za mayatima zipo. Karo zimelipwa. Kitabu ki wazi mezani. Kila mmoja na akitazame.