Shingo Haibebwi Kama Gunia

Hotuba ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati ya Fedha, katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotoka nyumbani kuja kukaa nasi leo, mama zetu, kaka na dada, vijana, na watani zetu Wachaga mliokuja kuhakikisha kama kweli Mpare anaweza kutoa pesa mfukoni hadharani:

Mwaka jana Kamati ya Fedha ilisimama hapa ikazungumza juu ya mabati ya madarasa. Mabati yamepigwa, hesabu zake ziko ukurasa wa mbele wa kijitabu hiki, na kila risiti ipo. Leo tunaomba ruhusa tuzungumzie kichwa na shingo. Mtauliza wahasibu na vichwa vya watu wapi na wapi. Vumilieni kidogo, tutafika.

Wengi mnamfahamu kijana wetu aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi. Jina lake hatulitaji, ingawa mwenyewe ameturuhusu kusimulia. Alikuwa na miaka 26. Alipanda kuchuma, tawi likakatika, akaangukia kichwa na bega. Mama yake anasema alipofika pale chini alimkuta anaongea na anachezesha vidole vya miguu. Sisi, ndugu zake tuliokuwepo kwa ajili ya likizo ya Pasaka, tulifanya kile ambacho watu wetu wamefanya siku zote. Tulimwinua, mmoja ameshika kwapa huku, mwingine kule, kichwa kinaning'inia. Tulimpa maji. Tukamkalisha kwenye bodaboda, dereva mbele, mjomba nyuma amemkumbatia, wakateremka mlima kwa ile njia ya mawe. Walipofika barabara ya lami, hakuwa anasikia miguu yake.

Hospitalini daktari hakutulaumu. Alisema kwa upole kwamba hakuna anayeweza sasa kupima ni jeraha kiasi gani lilitokana na mti na kiasi gani lilitokana na bodaboda. Maneno hayo tumeyabeba tangu siku ile. Ndiyo yametuleta hapa mbele.

Tuliuliza maswali mengi baada ya hapo, na tulichojifunza tunakileta kwenu kwa lugha ya nyumbani.

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Katikati yake kuna tundu, na ndani ya tundu hilo unapita mshipa mkuu wa fahamu, unaotoka kwenye ubongo kupeleka amri mwilini. Amri ya kuvuta pumzi hupitia mishipa inayochomoza kati ya pingili ya tatu na ya tano. Pingili ikivunjika lakini mshipa ukabaki mzima, mtu anaweza kupona na kurudi shambani. Pingili hiyo hiyo ikisogezwa na watu wenye haraka, inaweza kuukata au kuubana ule mshipa. Mfupa huunga. Mshipa ule ukishaharibika kabisa, hadi leo hakuna daktari popote duniani anayeweza kuushona ukafanya kazi kama zamani. Daktari bingwa anaweza kupasua kwa mbele ya shingo au kwa nyuma, akaondoa kinachobana, akafunga pingili kwa chuma na skrubu zisicheze tena. Kazi hiyo ni kubwa na inaokoa, lakini anaokoa kile tulichomfikishia.

Sasa kuhusu picha, maana hapo ndipo pesa zetu zilipokwama.

Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa. Haionyeshi damu iliyovuja ndani ya fuvu. Mashine ya CT inapiga eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta inaupanga mwili kama mkate uliokatwa silesi, na daktari anaangalia silesi moja moja. Ni ya haraka, inaonyesha mfupa uliopasuka na damu mbichi, kwa hiyo aliyegonga kichwa hupelekwa huko kwanza. Mashine ya MRI haitumii eksirei, inatumia sumaku yenye nguvu. Hiyo ndiyo inaonyesha vizuri vitu laini: ule mshipa wa fahamu wenyewe, na ile mito iliyo kati ya pingili. Mgonjwa wa shingo anaweza kuhitaji zote mbili.

Mtu wa kwanza kupigwa picha ya CT ya kichwa alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, mwaka ule ule hospitali yetu ya KCMC ilipofunguliwa pale Moshi. Aliyeitengeneza mashine hiyo, Godfrey Hounsfield, alikuwa mhandisi. Mwenzake aliyepiga hesabu zake mapema zaidi, Allan Cormack, alikuwa mwanafizikia wa Afrika Kusini, na wazo lilimjia akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari. Basi msitushangae sana sisi wahasibu.

Na msidhani huduma hizi ziko ng'ambo tu. Taasisi ya mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina mabingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. KCMC kuna mashine ya CT. Bugando, Mwanza, wanapasua. Kutoka Same hadi Moshi ni kama kilomita 105 za lami. Shida yetu haianzii kwenye lami. Inaanzia kati ya mti na lami, na inaendelea kwenye simu zetu.

Tufungue kitabu cha hesabu. Kijana wetu alipofikishwa hospitali, tuliandika kwenye kundi letu la simu kwamba zinahitajika pesa za picha, za usafiri wa rufaa na za kuanzia upasuaji. Ilichukua siku tisa kutimia. Siku tisa! Mwezi huo huo tulipata msiba. Tangazo liliwekwa saa mbili usiku. Pesa ya jeneza, basi na chakula ilitimia kabla jogoo hajawika. Watu ni wale wale, simu ni zile zile, na mshahara ni wa mwezi ule ule. Hatusemi tusizikane, kuzikana ni heshima yetu na hatutaiacha. Tunasema tu kwamba ukizisoma daftari hizi mbili kwa pamoja, utaona tunamchangia maiti haraka kuliko tunavyomchangia mgonjwa. Hilo si suala la umaskini. Kwa msiba tuna utaratibu uliokaa tayari, kwa mgonjwa hatuna.

Ndugu zetu, msiondoke hapa mkidhani habari zote ni za huzuni. Kuna bibi yetu mmoja alianza kusahau majina ya wajukuu, kichwa kinauma, mguu mmoja unaburuta. Nyumbani ilishaanza minong'ono: wengine wanasema uzee, wengine wanatazama jirani kwa jicho baya. Mwanawe akamleta mjini, picha ya CT ikapigwa. Kumbe wiki kadhaa nyuma alijigonga kwenye kizingiti cha jiko, akasahau. Damu ilikuwa ikivuja taratibu na kujikusanya juu ya ubongo. Kwa wazee hutokea hata kwa kugongwa kidogo. Alitobolewa matundu madogo mawili kwenye fuvu, damu ile nzee ikatolewa. Bibi yetu amerudi, anaita kila mjukuu kwa jina, na jirani anapewa tena salamu zake. Picha moja ilitibu ubongo na ujirani.

Na ipo aina nyingine ambayo vijana wa bodaboda lazima waijue. Mtu anaanguka, anapoteza fahamu kidogo, anaamka, anasema yuko sawa, anakwenda nyumbani. Baada ya saa chache kichwa kinamuuma vibaya, anatapika, anasinzia, haamki. Hapo mshipa wa damu umepasuka chini ya fuvu na damu inaubana ubongo. Akifikishwa mapema, daktari hufungua dirisha kwenye mfupa, huondoa damu, huuziba mshipa na kuurudisha mfupa mahali pake. Akiachwa alale hadi asubuhi, asubuhi tunaweka lile tangazo la saa mbili usiku. Kwa hiyo aliyezimia baada ya ajali, hata kwa dakika moja, aende akaangaliwe hata kama anacheka.

Muuguzi wa zahanati anaweza kumpima mgonjwa huyo bila umeme wala mashine. Anaangalia macho yanavyofunguka, anavyoongea na anavyosogeza viungo, anampa alama kuanzia 3 hadi 15. Kipimo hiki kilitungwa Glasgow mwaka 1974. Mgonjwa akiwa 15 saa tatu na 12 saa sita, hiyo ni hesabu inayoporomoka, na mhasibu yeyote atakuambia usisubiri mwisho wa mwezi.

Mama zetu na dada zetu, tusiwasahau watoto. Mtoto ambaye kichwa chake kinakua haraka kupita kiasi anaweza kuwa na maji yaliyoziba ndani ya ubongo. Hajalaaniwa. Anawekewa mrija wa kuyapeleka maji tumboni, au anatobolewa njia mpya ya maji kule kule ndani kwa kamera ndogo. Njia hiyo ya kamera kwa watoto wachanga iliendelezwa sana hapa hapa Afrika Mashariki, Mbale, Uganda, na Dakta Benjamin Warf, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na mgongo wazi, ambao mara nyingi huja pamoja na kichwa kikubwa, hupungua mama akitumia vidonge vya foliki kabla ya kushika mimba. Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya mwezi wa kwanza, wakati wengine hawajajua hata kama ni wajawazito.

Sasa tunafika kwenye ombi. Kamati inaleta mambo matatu.

La kwanza ni mbao. Kila kitongoji kiwe na ubao mmoja mpana wa kubebea majeruhi, wenye mikanda, na kola za shingo, vikae mahali panapojulikana na ufunguo ukae kwa mtu anayejulikana. Mpaka zifike, ng'oeni mlango. Mlango unatosha. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na mwili, na huyo ndiye atoe amri. Wengine watatu wamgeuze kwa pamoja kama gogo, mlango uingie chini yake. Kunjeni kanga mbili, moja kila upande wa kichwa, mfunge. Msimkalishe. Msimpe maji wala chakula. Akitapika, mgeuzeni mzima mzima pamoja na mlango. Kama hapumui, pumzi kwanza. Wazee wetu walibeba wagonjwa kwa machela kutoka milimani, hawakuwakalisha. Tumepata bodaboda tukaisahau machela.

La pili ni mafunzo. Waganga na wauguzi wetu wa nyumbani wawafundishe madereva wa bodaboda, wachumaji wa parachichi na wakata majani ya ng'ombe, maana hao ndio wanaoanguka na ndio wanaofika kwanza. Siku moja kwa kila kijiji, mara mbili kwa mwaka. Na kofia ngumu kwa dereva na abiria, ifungwe kidevuni.

La tatu ni Mfuko wa Picha na Safari. Pesa ziwe zimekaa kabla mtu hajaanguka. Zitolewe siku hiyo hiyo kwa barua ya mganga na sahihi mbili, zilipwe moja kwa moja hospitali au kwa gari, na familia irudishe kidogo kidogo inapoweza. Hesabu ni nyepesi. Watu 100 wakitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni 200,000. Kwa mwaka ni 2,400,000. Tukifika 300, ni 7,200,000. Shilingi 2,000 ni vocha. Kila miezi mitatu tutabandika mapato na matumizi kwenye kundi, na majina ya wagonjwa hayatatajwa. Mwenye bima ya afya aendelee nayo, na asiye nayo akate. Mfuko huu ni wa kuziba pengo la saa zile za kwanza.

Tumalizie kwa kijana wetu. Alipasuliwa, shingo ikafungwa kwa chuma, mikono yake inafanya kazi. Miguu haijarudi. Siku hizi ndiye katibu wa kikundi cha wauza parachichi. Anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na mizani, anaandika kilo na majina. Kila mwisho wa mwezi anatutumia daftari kwa picha ya simu tukalikague. Hatujalikuta na kosa hata la shilingi mia. Tulipompigia kumwambia tutazungumza hapa leo, tulimuuliza anaomba chama kimnunulie nini. Tulidhani atasema kiti kipya. Alisema, "Nunueni ubao kwanza. Msimu wa kuchuma umekaribia."

Mwenyekiti, msimu umekaribia kweli. Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na meza yetu iko pale karibu na mlango, ambao kwa leo hatutaung'oa. Watani zetu, nanyi mnakaribishwa. Parachichi zenu pia ziko juu ya miti.