Mmea na Dawa: Safari ya Tiba ya Malaria

Jina la mwarobaini lenyewe ni dai: kwamba mti huu, uliotufikia pwani kutoka Bara Hindi, huponya maradhi arobaini. Na katika maradhi hayo arobaini, homa ndiyo inayotajwa kwanza. Majani huchemshwa, mgonjwa akajifukiza kwa mvuke na kunywa maji yake machungu. Wataalamu wamekwisha kuonesha katika maabara kwamba mti huo una viini vinavyodhuru vimelea vya malaria. Lakini hadi leo mwarobaini haujatoa dawa ya malaria iliyothibitishwa kwa binadamu. Kati ya mmea na dawa pana masafa, na masafa hayo ndiyo tunayokusudia kuyazungumzia leo.

Tuanze na mti uliokwisha kuyavuka. Mkwinini asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini kutoka katika gome lake. Wajerumani nao walipoanzisha taasisi ya utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, mkwinini ulikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikatiwa njia ya kupata dawa kutoka Ulaya. Ikabidi gome lichemshwe na askari wanywe maji yake, ambayo Wajerumani waliyabatiza kwa kejeli jina la pombe kali ya Lettow. Yalikuwa machungu kupita kiasi, lakini yalisaidia, kwa kuwa kwinini hustahimili moto.

Artemisia haina ustahimilivu huo, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu.

Mei 23, 1967, katikati ya vita vya Vietnam, China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa Mradi 523 kwa tarehe hiyo. Klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa kazi, na askari msituni walikuwa wakiangushwa na homa. Bibi Tu Youyou na wenzake huko Beijing walikusanya maelekezo ya tiba za jadi yapatayo 2,000, wakajaribu mmea baada ya mmea. Artemisia, ambayo Wachina huiita qinghao, ilionesha dalili njema, kisha matokeo yakayumba. Ndipo Bibi Tu aliporejea kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa katika karne ya 4. Tabibu huyo hakuelekeza kuchemsha. Alielekeza kuloweka majani katika maji, kuyakamua, na kunywa maji hayo. Bibi Tu akang'amua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka katika nyuzi 35 tu za joto, na mnamo Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaangamiza vimelea vyote katika miili ya panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza, kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Ni neno moja tu la matayarisho, nalo lilikaa kitabuni zaidi ya miaka 1,600. Kwetu sisi, watafiti wengi wameandika majina ya miti kwa bidii, lakini namna mganga anavyoitayarisha, sehemu gani ya mti, wakati gani, kwa maji ya moto au baridi, mara nyingi hupewa nusu mstari. Taasisi ya tiba asilia ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni kitengo kilichoundwa mwaka 1974, ni miongoni mwa wachache walioifanya kazi hiyo kwa muda mrefu.

Kiini cha artemisia ndicho kilichomo katika dawa ya mseto, iliyoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003 na Tanzania Bara mwishoni mwa mwaka 2006. Huitwa mseto kwa sababu huchanganywa na dawa ya pili: ya kwanza hupunguza vimelea upesi na kutoweka mwilini, ya pili hubaki kuvimaliza vilivyosalia. Chai ya majani haina mwenzake huyo. Katika jaribio lililofanywa Kongo na kuchapishwa mwaka 2004, kwa wastani asilimia 74 ya waliokunywa chai hiyo walipona mwanzoni, dhidi ya asilimia 91 ya waliopewa kwinini. Lakini baadaye wengi wa wanywaji chai walirudiwa na vimelea. Shirika la Afya Duniani halishauri kuinywa, si kwa kutibu wala kwa kujikinga. Hofu yake nyingine ni kwamba kipimo hafifu huvizoesha vimelea dawa, na tayari vimelea vyenye usugu dhidi ya artemisia viliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021.

Jambo hili linawagusa hasa wasikilizaji wetu walioko Maskati, London au Minneapolis. Aliyeishi ughaibuni miaka mingi hupoteza ile kinga kidogo aliyokuwa nayo utotoni, ingawa mwenyewe huamini bado ni mtoto wa nyumbani. Nchini Uingereza, wengi wa wanaougua malaria ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea jamaa. Shangazi akimfungia msafiri unga wa artemisia, aupokee kwa heshima zote. Lakini vidonge vya kinga avipate kwa daktari kabla ya safari, na usiku alale ndani ya chandarua. Homa ikimpata baada ya kurejea, hata ikiwa miezi imepita, apimwe damu siku hiyohiyo, amweleze daktari alikotoka, na asifiche majani aliyoyanywa.