Mama Kuku Anapowadonoa Vifaranga Wake

(Somo lililotolewa Nzahaha katika maadhimisho ya ushirika wetu)

Wapendwa mliotoka Bukavu na Kamanyola, ninyi wa Cibitoke, wenyeji wetu wa hapa Nzahaha, na wewe unayesoma ukiwa mbali na mto Ruzizi, nawasalimu nyote.

Somo langu ni la uani. Mama zetu wanalijua kuliko mimi, kwa hiyo wanisaidie kwa "Amina" zao.

Mama kuku akishaanza kuatamia, atakaa juu ya mayai siku 21. Anatoka kidogo tu, anakula haraka haraka, anarudi. Vifaranga wakianguliwa, miili yao haiwezi bado kujitunzia joto. Yale manyoya laini hayatoshi kwa baridi ya usiku wala kwa mvua. Joto lao ni mama. Anachakura, anaita, wanakuja kudonoa. Mwewe akipita anatoa sauti nyingine, nao wanajificha. Siku hizo zote hatagi hata yai moja. Mwili wake wote uko kwenye malezi.

Halafu inafika wiki ya sita, ya saba, kwa wengine hata baadaye. Kifaranga anakimbilia punje kama kawaida yake, mama anamdonoa kichwani. Anarudi, anadonolewa tena. Watoto wetu wakiona wanalalamika: "Mama, huyu kuku amekuwa mbaya!" Hajawa mbaya. Mtazame vizuri: kilemba chake kimeanza kuwa chekundu tena, jogoo anamzunguka, na muda si mrefu atataga. Akiendelea kuwabeba hawa, wale wengine watazaliwa lini?

Lakini hapa tukae kidogo, maana wengi tunaparuka. Yule anayedonolewa ameshaota manyoya. Ameshafundishwa kuchakura, anaijua sauti ya hatari, anajua wapi pa kulala. Na hata hivyo mambo hayaishi siku moja. Mchana mama anamfukuza, usiku unaweza kumkuta bado amejibanza karibu naye. Ni kuachisha pole pole. Kuku anayewaacha wangali wadogo, asubuhi utaokota maiti kwenye majani yenye umande.

Tena mfugaji mwenye akili hapo ndipo anapoamka. Vifaranga walioachwa juzi ndio chakula rahisi cha mwewe na paka, na kideri kikiingia kinawafagia. Kwa hiyo anawachanja, anawatengea kibanda, anawamwagia pumba kidogo. Mama ameondoka, lakini boma lina mwenyewe. Si ndiyo?

Katika Matayo 23 Bwana wetu alijifananisha na kuku anayetaka kukusanya vifaranga chini ya mbawa. Tunapenda sana kuhubiri mbawa hizo, na ni vizuri. Lakini Bwana huyo huyo, katika Yohana 16, aliwaambia wanafunzi kwamba kuondoka kwake kulikuwa na faida kwao. Hilo tunalihubiri mara chache! Na Paulo, Matendo 20: aliwalea watu wa Efeso miaka mitatu, kisha akawaita wazee wao Mileto akawaaga. Walilia, wakamkumbatia. Alijua kabisa kwamba mbwa mwitu wangekuja, akawaambia hivyo, na bado akapanda meli. Aliacha wazee.

Sisi wenyewe tumetoka chini ya mbawa. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na mwaka 1940 kazi ikaanza Gihundwe, hapa kwetu Cyangugu. Walijenga makanisa, shule, zahanati. Hospitali ya Lemera kule Kivu ya Kusini ilikuwa tunda la kazi hiyo. Oktoba 1996 ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Mngesema kazi imekufa. Lakini mwaka 1999 Hospitali ya Panzi ilianza Bukavu chini ya kanisa la CEPAC, na aliyeianzisha ni Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, aliyekuwa amefanya kazi Lemera. Msaada wa Sweden ulikuwepo, hatukatai; ni kama yule kifaranga anayelala bado karibu na mama. Ila walioamka asubuhi kuchakura walikuwa watoto wa hapa hapa.

Sasa tuseme ya kwetu. Miaka yote hii mhubiri anatoka Nzahaha, mwalimu anatoka Nzahaha, hata kipaza sauti cha mkutano kinavushwa mto. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda, pale Ruhwa pakanyamaza. Mwaka 2025 vita vikafika Bukavu na Kamanyola. Je, tawi linalongoja mtu avuke ndipo lisikie neno, siku hizo linakula nini? Mpaka unapofungwa hauulizi kwanza kama umeshaota manyoya. Afadhali mama akudonoe leo, ukiwa bado unamwona.

Wenyeji wangu wa Nzahaha, na ninyi msifurahie upesi. Kuna tawi lililoanza juzi tu, watu wachache kwenye sebule ya mjane. Hao msiwadonoe, hao ni wa kufunikwa. Na kwa yale makubwa, shida labda iko kwetu, maana kuitwa mama ni kutamu.

Basi naomba hivi, viongozi mkae mlizungumze kabla ya kutawanyika. Kamanyola na Cibitoke, chagueni walimu kati yenu, wafundishwe mwaka huu wakati njia ipo. Sadaka yenu ibaki kwenu, mwe na mweka hazina wenu na daftari lenu. Mkutano wenu ujao ahubiri mtu wenu. Sisi wa Nzahaha mkitualika tutakuja, tutakaa kwenye benchi la wageni, na nauli tutajilipia.